Kuku wa sandwichi anakauka, ng'ombe inakuwa ngumu: nakosea wapi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina watoto wawili wa shule ya msingi, tunaishi Tabata, Dar es Salaam. Nimeamua kuacha kuwafungia soseji na poloni, nataka nyama ya kuweka kwenye mkate niitengeneze mwenyewe. Nikichemsha kuku anakauka, nikimkata anachambuka. Ya ng'ombe ndiyo kabisa: ngumu, halafu ya kijivu, wanaikataa. Jirani anasema kuna chumvi ya pinki inayoifanya nyama iwe nyekundu na isiharibike. Niitumie? Basi la shule linawapitia saa 11 na nusu alfajiri, wanakula saa 4.

JIBU: Nzuri, dada. Nianze na hiyo chumvi, kwa sababu humo ndimo kwenye hatari. Usiitumie. Chumvi za pinki ziko mbili. Moja ni ya mawe, ya Himalaya, ambayo ni chumvi ya kawaida tu yenye rangi. Hiyo haitaifanya nyama yako iwe nyekundu. Nyingine ni ya viwandani, imechanganywa na nitraiti ya sodiamu, kemikali ya kuhifadhi nyama, na kipimo chake ni kama gramu 2.5 kwa kilo nzima ya nyama. Mizani mingi ya jikoni haipimi kiasi kidogo hivyo kwa uhakika. Nitraiti ikizidi, damu inashindwa kubeba oksijeni, na mtoto ndiye anayedhurika haraka. Isitoshe, hiyo ndiyo uliyokuwa unaikimbia kwenye soseji. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, liliiweka nyama iliyosindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani: gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18.

Kijivu ndiyo rangi halali ya nyama iliyoiva. Kama watoto wanachagua kwa macho, ipake nje manjano na pilipili manga kabla ya kupika. Kila kipande kitatoka na ukingo wa dhahabu.

Sasa kuku. Chukua kidari cha kuku wa kisasa, kisicho na mfupa. Wa kienyeji mwache kwa mchuzi, kwenye sandwichi atawashinda meno. Kwa kilo moja ya kidari paka gramu 10 za chumvi (vijiko viwili vya chai, visijae), kitunguu swaumu na tangawizi, funika, laza kwenye friji usiku kucha. Usiruke hatua hii. Chumvi ikipata muda wa kuingia, huilegeza protini ya nyama ikashika maji yake, na ndiyo inayofanya kipande kishikamane badala ya kuchambuka. Ndimu iache; asidi ikikaa usiku mzima huifanya nyama iwe kama unga mdomoni.

Kinachokukaushia kuku ni moto. Maji yakitokota kwa fujo, nyama inajikamua. Weka kidari kwenye sufuria, maji yakifunike, washa moto, na yakianza kutoa vipovu vidogo chini punguza hadi yabaki hivyohivyo, yasichemke. Kipande kinene huchukua nusu saa, pengine zaidi. Kipimo cha kweli ni nyuzi 74 katikati ya nyama, nami nakushauri ununue kipimajoto cha nyama kabla hujanunua chombo kingine chochote cha kazi hii. Rangi hudanganya. Kama bado huna, pasua pale penye unene: nyama isiwe na uwaridi na maji yatoke meupe. Ukiwa na shaka, rudisha jikoni, hata ikikauka kidogo.

Ng'ombe ana kisa kingine. Nyama yetu hapa mjini huchinjwa usiku, kwenye machinjio ya Vingunguti na kwingineko, asubuhi iko bucha, mchana iko sufuriani. Misuli bado imekakamaa, lazima iwe ngumu. Nunua steki ya paja kipande kimoja, umwambie muuzaji asiikatekate, ipake chumvi kwa kipimo kilekile, ikae kwenye friji siku mbili. Kisha ipike kwa moto mdogo, imefunikwa, mpaka uma uingie bila kubishana lakini nyama isimomonyoke. Ulimi wa ng'ombe ukiupika hivyo na kuumenya ungali moto hukatika vizuri kuliko steki, ila una mafuta mengi, na watoto wasiuone ukiwa mzima.

Baada ya kupika ndipo wengi wanapoharibu. Nyama ya dukani inavumilia kwa sababu ya nitraiti, chumvi nyingi na pakiti isiyo na hewa. Yako haina hata kimoja. Ulinzi wake ni baridi peke yake. Na jikoni kwa Dar, hasa Januari na Februari, nyama iliyoachwa mezani haipoi, inashuka tu hadi joto la chumba, nyuzi 30 na kitu, inabaki hapo. Kuna bakteria aitwaye Clostridium perfringens ambaye spora zake, yaani mbegu zake zenye ganda gumu, hazifi kwa kuchemshwa, na akiikuta nyama vuguvugu huzaliana haraka mno. Kwa hiyo ukiepua, toa nyama kwenye maji ya moto, iweke kwenye chombo safi kilichokaa ndani ya beseni la barafu, na kabla masaa mawili hayajaisha iwe ndani ya friji. Friji haiharibiki kwa kuwekewa kitu cha uvuguvugu.

Kata kesho yake, ikiwa baridi kabisa, kwa kisu kikali, ukikatiza nyuzi za nyama. Ubao usiwe ule wa nyama mbichi. Fungasha kwa mafungu ya siku moja moja, yakiwa bapa, uyagandishe. Kwenye friji ya kawaida zinakaa siku 3 hadi 4. Kwenye friza, miezi miwili bila wasiwasi.

Alfajiri toa fungu likiwa limeganda, liweke kwenye slesi moja kwa moja. Siagi sawa. Nyanya na tango wafungie pembeni, la sivyo mkate utalowa. Weka sandwichi kwenye begi la kutunza ubaridi, ukiibana na chupa ya maji uliyoigandisha usiku; wakifika saa 4 watakuwa na maji baridi pia. Bila chupa hiyo sikubali nyama, maana vipande vyembamba huyeyuka mapema na kuanzia saa 11 na nusu hadi saa 4 ni masaa manne na nusu. Na usiiweke kwenye hotpoti: sandwichi humo inakaa vuguvugu asubuhi nzima. Ikirudi nyumbani haijaliwa, tupa.

Umeme ukikatika, usifungue friza. Iliyojaa hushika ubaridi kama siku mbili, ya nusu siku moja. Friji ya kawaida ni masaa manne tu. Mkisafiri, gandisha kikombe cha maji na uweke sarafu juu ya barafu. Mkirudi mkaikuta imezama, friza iliyeyuka mkiwa hampo na nyama yote haifai, hata kama sasa imeganda kama jiwe.