Atakuwa mke wa nani siku ya ufufuo?

Shangazi, shikamoo. Nilioa mjane mwenye binti mdogo. Tunaishi vizuri, ila kila usiku mke wangu na huyo mtoto husali na kumshukuru Mungu kwamba siku moja watamwona tena marehemu, ambaye alikuwa mtu wa kanisa sana. Sina wivu, lakini najiona mgeni nyumbani kwangu. Nimemwomba asimtaje mbele ya mtoto, na picha yake nimeiweka kabatini maana ilikuwa inashika vumbi. Tangu hapo mke wangu amepoa, haongei. Mimi kanisani siendi sana tangu tulipomzika mama yangu, kazi zimenibana. Niambie, siku ya ufufuo atakuwa mke wa nani? Na kama ananipenda kweli, kwa nini anamngoja mwingine?

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kufiwa na mama. Hilo nitalirudia, maana wewe umelipita mbio mno.

Umesema huna wivu. Asiye na wivu hana haja ya kulitangaza hilo kwa mtu ambaye hajamuuliza. Picha iliyoshika vumbi hufutwa ikarudishwa ukutani. Hiyo umeifungia kabatini. Na mama uliyemkataza kumtaja baba wa mtoto mbele ya mtoto mwenyewe, unataka akuchangamkie kwa lipi? Nimeisoma barua yako nikitafuta kosa la mkeo, sikuliona. Husemi kwamba anakudharau, wala kwamba anakulinganisha na marehemu. Kosa lake ni kusali na binti yake usiku. Basi mimi niko upande wake, na usitegemee nipunguze makali.

Ulimwoa ukijua ni mjane. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mwanamke akifiwa na mumewe yu huru kuolewa na amtakaye, katika Bwana tu. Mkeo aliutumia uhuru huo akakuchagua wewe. Kukuchagua hakukumlazimu ale kiapo cha kumsahau aliyemzalia mtoto.

Swali lako Masadukayo, kundi moja la dini la Wayahudi, walikwisha kumpelekea Yesu, nalo limeandikwa katika Mathayo 22. Walimletea habari za ndugu saba: wa kwanza anaoa, anakufa bila mtoto, wa pili anamchukua mjane kwa sheria ya Musa, naye anakufa, vivyo hivyo mpaka wa saba, na mwisho mwanamke naye akafa. Katika ufufuo atakuwa mke wa yupi? Walikuwa wanamtega, kwa sababu wao hawakuamini kabisa kwamba wafu watafufuka. Yesu akawaambia wamepotea, hawayajui Maandiko wala uweza wa Mungu. "Kwa maana katika kiyama hawaoi wala hawaolewi, bali huwa kama malaika mbinguni." Kisha akawakumbusha kwamba Mungu alijitambulisha kwa Musa kuwa Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, watu waliokuwa wamezikwa zamani sana. Yeye si Mungu wa wafu, ni wa walio hai.

Kwa hiyo hatakuwa mke wa marehemu. Wala hatakuwa mke wako. Najua hilo la pili limekuchoma zaidi ya lile la kwanza, lakini hata kiapo mlichokula siku ya ndoa kina mpaka, na mpaka wenyewe ni kifo. Paulo aliiita ndoa siri kubwa, akasema ananena habari za Kristo na kanisa. Kule tutakuwa tumefika kwenye kile ambacho ndoa ilikuwa inatuonyesha kwa mbali.

Hapa ndipo ndoa za siku hizi zinaponisikitisha. Watu wanaoana wakiambiana wewe ndiye pumzi yangu, wewe ndiye maisha yangu, bila wewe mimi si kitu. Hayo ni maneno ya sala, yamepelekwa pasipo pake. Hakuna binadamu anayeweza kuubeba uzito huo. Akikosea kidogo, mwenzake anaporomoka; akifa, aliyebaki haoni tena maana ya kuishi, na hata mbinguni anapataka kwa ajili ya mtu mmoja tu. Zisikilize salamu za rambirambi tunazoandikiana: tutaonana tena, endelea kutuangalia kutoka huko juu, tulinde. Mungu hatajwi hata mara moja. Wengi wetu tunaitaka mbingu yenye mama, baba na mchumba. Mungu awepo au asiwepo, sawa tu. Hapo hata siku ya kufiwa faraja haishiki, maana marehemu hana uwezo wa kumfufua yeyote, hata nafsi yake.

Na wewe umeingia humo humo. Umedhani mbinguni kuna nafasi moja tu kando ya mkeo, na kwamba marehemu ameiwahi. Soma Ufunuo 21. Mji mtakatifu unaposhuka, sauti ya kwanza kusikika inasema maskani ya Mungu ni pamoja na wanadamu. Kufutwa machozi na kutokuwapo kwa mauti kunakuja baada ya hapo, kwa sababu Yeye amekuja kukaa nao.

Sisemi kwamba hatutajuana. Yesu alisema wengi watatoka mashariki na magharibi waketi pamoja na Ibrahimu, Isaka na Yakobo, na wazee hao bado wana majina yao. Yeye mwenyewe alipofufuka alimwita Mariamu Magdalene kwa jina, naye akamtambua. Makanisa yanatofautiana juu ya hali ya marehemu kabla ya siku hiyo, kama yuko macho mbele za Bwana au amelala akingoja kuamshwa. Hilo mchungaji wenu atakufafanulia. Ufufuo wenyewe wote wanaukiri.

Wakristo wa Thesalonike walikuwa na hofu juu ya wenzao waliokufa kabla Bwana hajarudi, wasijue mwisho wao ni nini. Paulo akawaandikia, yapata mwaka 50, wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Hakuwakataza kulia. Aliwaambia kwamba waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza, kisha walio hai watanyakuliwa pamoja nao kumlaki Bwana, "na hivyo tutakuwa pamoja na Bwana milele." Pamoja nao, na pamoja na Bwana. Mkeo anamfundisha binti yake hayo mawili kila usiku, tena anaanza na kumshukuru Mungu, kama ulivyoandika mwenyewe. Na mstari unaofuata ni amri: "Basi, farijianeni kwa maneno hayo." Wewe umeyapiga marufuku nyumbani kwako maneno ambayo mtume ameagiza yasemwe.

Sasa nirudi kwa mama. Kazi ulikuwa nazo hata kabla hajafa, na kanisani ulikuwa unakwenda. Nafikiri ulitoka makaburini hujalia, hujamuuliza Mungu lolote, na hujui kama utamwona tena aliyekuzaa. Halafu kila usiku unawasikia watu wawili chumba cha pili wakisema watamwona wa kwao, bila wasiwasi. Hapo ndipo panapouma. Marehemu umemsingizia tu. Unachokionea wivu ni tumaini la mkeo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Augustino, aliyekuja kuwa askofu wa Hippo, alifiwa na mama yake Monika mwaka 387 huko Ostia, bandari ya Roma. Mama huyo alikuwa amejiandalia kaburi kando ya mumewe nyumbani kwao Afrika Kaskazini, na kwa muda mrefu alitamani sana walale pamoja. Alipougua ugenini akaliachilia jambo hilo. Akawaambia wanawe wauzike mwili wake popote, ila wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Alikuwa amesema pia kwamba kwa Mungu hakuna kilicho mbali. Sidhani alikuwa amepungukiwa na upendo kwa mumewe. Alimjua atakayewakusanya, na kaburi likakoma kumsumbua. Mwanawe naye alijibana asitoe chozi mazishini, akiona haifai kumlilia mtu aliyekufa katika imani, mpaka baadaye akiwa peke yake mbele za Mungu akayaachia machozi yatoke. Nawe una machozi hayo, umeyageuza ugomvi na mtu asiyeweza kukujibu.

Picha irudi ukutani leo, uirudishe kwa mikono yako. Mwombe radhi mkeo, na binti pia umwombe radhi kwa maneno anayoyaelewa, kwa sababu mtoto ambaye baba yake hatajwi mbele yake huanza kudhani baba alifanya jambo la aibu. Jumapili nenda kanisani uketi nao, hata kama umekasirika na Mungu. Zaburi zimejaa watu waliomkasirikia, na hakuwafukuza. Usiku wanaposali ingia, piga magoti, umtaje mama yako kwa jina lake. Ukishindwa kuendelea, mkeo ataendelea kwa niaba yako. Yeye aliwahi kuzika, anajua.

Mkishazoea kusali pamoja, mwombe akusimulie habari za yule bwana: alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, alikufaje. Kama kweli alikuwa muumini, nawe ukimshika Kristo, huyo ni ndugu yako ambaye utakaa naye milele, na kwa sasa humjui hata kidogo.