Kwa wanaoanza kutafuta undugu wa ndege waimbaji

Ukiwekewa ndege wa kwanza mezani, macho yatakimbilia mdomo. Yazuie. Mdomo hufuata chakula kuliko ukoo.

Mchukue Promerops wa Afrika Kusini, mnyonyaji wa maua ya protea. Mdomo wake mrefu na ulimi wake viliwashawishi wataalamu kumhesabu pamoja na ndege wala nekta wa Australia. Jeni zilipopimwa, ndugu zake wa karibu wakawa Modulatrix na Arcanator, vindege vya kahawia vinavyochakura majani makavu ya misitu ya Usambara na Udzungwa, vikila wadudu. Arcanator mwenyewe, alipoelezwa mara ya kwanza mwaka 1933 kutoka mlima Namuli, Msumbiji, alidhaniwa ni shore, ndege wa familia nyingine kabisa! Rangi hazikumsaidia mtu.

Hata hivyo usitupe kisu. Pale bomba la pumzi linapogawanyika kwenda mapafuni kuna sirinksi, kiungo cha sauti. Kwa waimbaji wa kweli utakuta jozi kadhaa za misuli, myembamba kama uzi wa kushonea. Kwa pita, ndege wa msituni asiye mwimbaji wa kweli, ni michache mno. Mwanaanatomia Johannes Müller alishaiona tofauti hiyo huko Berlin miaka ya 1840, na vinasaba vya leo kwa sehemu kubwa vimemuunga mkono. Jifunze kuipasua bila haraka. Mimi niliharibu tatu kabla ya kupata moja.

Kosa langu kubwa lakini lilikuwa la maabara. Mti wangu wa kwanza wa ukoo, uliojengwa kwa jeni moja kutoka damuni, ulimtupa ndege aitwaye chozi mbali kabisa na chozi wenzake, nikashangilia ugunduzi. Msimamizi akauliza swali moja: umesoma jeni hiyo kama protini? Nikasoma. Katikati yake palikuwa na alama ya kukomea, yaani jeni mfu. Chembe nyekundu za ndege zina kiini, ila mitokondria zake, yaani vinu vya nishati vya seli vyenye jeni zao wenyewe, ni haba. Ukitafuta jeni ya mitokondria kwenye damu, ni rahisi kuokota nakala iliyohamia ndani ya kiini zamani. Tangu siku hiyo natumia msuli au ini, na simwamini mtu aliyejenga mti kwa jeni moja.

Na mpangilio wa kazi: kata kipande cha nyama kwanza, kitie kwenye ethanoli, ukiandikie namba ileile ya ndege. Mwili ndipo uingie formalini, dawa ya kuhifadhi maiti. Ukianza na formalini, misuli ya sirinksi itabaki vizuri, lakini vinasaba utavipata vimekatikakatika.