Mjukuu ashikwe mkono: safari ya ufuko wa mchanga mweusi

*Safu ya maswali ya wasomaji kuhusu ardhi, mawe na safari. Majibu yanatolewa na mjiolojia mstaafu, Dodoma.*

SWALI

Mzee wetu, shikamoo. Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Ipagala hapahapa Dodoma. Binti yangu ni mhandisi, yuko Iceland kwenye mafunzo ya miezi sita ya jotoardhi. Amenialika nikamtembelee mwanzoni mwa mwezi wa nane, nikiwa na mwanawe wa miaka minane ninayemlea mimi. Anasema lazima atupeleke kwenye ufuko wenye mchanga mweusi wa volkano, unaitwa Reynisfjara. Picha alizonitumia zinapendeza, ila zinanitia hofu kidogo. Nauliza: mchanga ule ni mweusi kwa nini, na je, unaunguza? Mtoto ataweza kuchezea maji? Nijiandae vipi, maana magoti yangu siyo yale ya ujana? Tena mume wangu ameagiza nimletee mchanga huo kwenye chupa.

*Bibi wa Ipagala*

JIBU

Marahaba, mama, na hongera kwa kusomesha binti mpaka akafika huko. Mafunzo hayo nayafahamu. Yalianza mwaka 1979 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, na tangu 2020 yako chini ya UNESCO. Nchi yetu yenye joto la ardhini kule Ngozi na Kiejo-Mbaka, mkoani Mbeya, inawahitaji sana vijana wa namna hiyo.

Umeniuliza mengi, lakini nitaanza na lile la mtoto na maji, maana ndilo lililonifanya niitangulize barua yako mbele ya nyingine zote. Jibu ni hapana. Mjukuu wako asichezee maji ya Reynisfjara, hata kulowesha kidole cha mguu. Wewe usiyakaribie, na binti yako asiyakaribie, hata siku ambayo bahari imetulia na jua linawaka.

Nieleze sababu, maana mtu akikatazwa bila kuelezwa hutii akiwa anatazamwa tu. Ufuko ule uko kusini kabisa ya Iceland na unatazamana na bahari tupu. Ukinyoosha mkono kuelekea kusini kutoka pale, hakuna nchi kavu mpaka barafu za Antaktika. Upepo unaovuma mbali huko huyasukuma mawimbi kwa maelfu ya kilomita bila chochote cha kuyapunguza. Halafu sakafu ya bahari inashuka ghafla karibu na ufuko. Kwenye fukwe zetu za Dar au Bagamoyo wimbi huanza kuvunjika mbali kwenye maji ya kina kifupi, likikufikia limeshachoka. Pale linafika na nguvu zake zote. Tena hayalingani: yanaweza kuja mawimbi kadhaa madogo, watu wakazoea, wakasogea kupiga picha, kisha likaja moja likapanda ufukweni makumi ya mita. Linaporudi linabeba mchanga na kokoto chini ya nyayo, mtu anakosa pa kukanyaga. Maji ni ya baridi kali, nguo zinalowa zinakuwa nzito, na muogeleaji hodari hana cha kufanya.

Sisi watu wa Dodoma tunaielewa hatari hii kuliko tunavyodhani. Umeshaona korongo la mchanga, kavu, watoto wanacheza ndani yake, mvua hapo ilipo hakuna hata tone. Halafu maji yanashuka kutoka milimani ilikonyesha mbali, na ndani ya dakika chache korongo limejaa. Waulize watu wa Gulwe. Bahari ya Reynisfjara ni korongo la namna hiyo: kilicholeta maji hukioni mahali uliposimama.

Mwezi wa nane mwaka 2025 mtoto wa miaka tisa, mtalii aliyekuwa na familia yake, alichukuliwa na wimbi pale akafariki. Nalitaja jambo hili kwa uchungu na kwa sababu umri wake na wa mjukuu wako unakaribiana. Wala hakuwa wa kwanza kufia pale.

Kwa hiyo mpange hivi. Mkishuka kwenye gari, kabla ya lolote, msome ubao mkubwa ulio kwenye njia ya kuingilia. Una ramani ya ufuko na taa inayoonyesha hali ya mawimbi. Ikiwa nyekundu, msishuke ufukweni; tazameni kutoka pale juu na hamtakosa kitu. Hata taa ikiwa haionyeshi hatari, angalieni mchanga: palipolowa ndipo wimbi lilipofika, na linalofuata linaweza kufika mbali zaidi. Kaeni mbali na mstari huo, mbali kwa hatua nyingi. Msiipe bahari mgongo, hata kwa picha moja. Na mjukuu ashikwe mkono, si kuambiwa tu “kaa karibu”. Wewe umekuwa muuguzi, unajua tofauti ya mgonjwa anayeshikwa na mgonjwa anayeangaliwa.

Kuna pango, linaitwa Hálsanefshellir, na ukuta wa nguzo za mawe unaoitwa Garðar. Kila mtu anataka kupigwa picha hapo. Ninawaelewa, ni mahali pazuri mno. Lava ilipopoa ilisinyaa, iliposinyaa ikapasuka, na mipasuko ikakutana kwa pembe mpaka jiwe likasimama kama lililochongwa na fundi. Mimi nilisimama mbele ya nguzo zile nikashindwa kuondoka. Lakini pango lina hila: bahari ikipanda inafunga njia ya kutokea, na nyuma yako ni jabali. Mwaka 2019 kipande cha jabali hilohilo kiliporomoka upande wa mashariki. Mkikuta mchanga wa mbele ya pango umelowa, zitazameni nguzo kwa mbali.

Sasa rangi. Mchanga wa Dodoma unatokana na miamba ya itale ya zamani sana, mingine ina zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Jiwe hilo likisagika linaacha zaidi chembe nyeupe na za pinki, na vumbi la kutu ya chuma linaupaka wekundu. Mchanga mweupe wa Unguja ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Iceland hakuna itale kama yetu wala matumbawe ya kusagika. Karibu nchi nzima imejengwa na lava ya basalti, jiwe jeusi lenye chuma na magnesiamu kwa wingi. Lava hiyo ikikutana na maji au barafu inapoa kwa mshtuko, inapasuka vipande vya kioo cheusi, na bahari inavisaga. Karibu na ufuko ule kuna volkano ya Katla, imefunikwa na barafu ya Mýrdalsjökull. Ilipolipuka mwaka 1918 iliyeyusha barafu, yakashuka mafuriko yenye mchanga mwingi kiasi kwamba pwani ilisogea mbele baharini. Ile iliyosimamisha ndege za Ulaya mwaka 2010, Eyjafjallajökull, nayo ni jirani, mtaipita njiani.

Kuunguza hauunguzi. Mchanga mweusi hula joto la jua, na kwenye nchi za joto huwezi kuukanyaga mchana bila viatu; ndivyo ulivyo Punaluʻu kule Hawaii, na L'Étang-Salé katika kisiwa cha Réunion. Reynisfjara mwezi wa nane utakuta nyuzijoto kumi na kitu tu, na upepo juu yake. Tatizo lako litakuwa baridi.

Vaa tabaka kwa tabaka: fulana inayobana ya ndani, sweta la sufu, juu yake koti lisilopitisha maji wala upepo, kofia na glavu. Mwavuli uache Ipagala, upepo wa huko utauvunja siku ya kwanza. Viatu viwe vya kufunga kamba, vinavyoshika kifundo. Kuhusu magoti, kutoka maegesho hadi ufukweni si mwendo mrefu, ila mchanga umechanganyika na kokoto za mviringo zinazoteleza, unazama na kutumbukia. Chukua fimbo. Magoti yakikataa, mwambie binti awapandishe kwa gari Dyrhólaey, rasi iliyo upande wa magharibi ya ufuko huo. Kutoka pale juu mtauona mchanga wote mweusi umenyooka na nguzo za Reynisdrangar zimesimama baharini, mita 66 kwenda juu. Mimi ningeanza na Dyrhólaey kwa sababu ya mtoto, ufuko ungefuata. Mwanzoni mwa mwezi wa nane mnaweza bado kuwakuta wale ndege wa baharini wenye midomo ya rangi kali, hawajaondoka kwenda majini. Msivuke kamba; kingo za jabali hilo si za kuaminika.

Mjukuu akichoka, mwambie hadithi ya wenyeji. Majitu mawili usiku yalikuwa yakivuta meli kuileta nchi kavu, yakachelewa, jua likayakuta, yakageuka mawe. Ndiyo hizo Reynisdrangar.

Kutoka Reykjavík ni kama kilomita 180, saa mbili na nusu kwa gari kama hamsimami, lakini mtasimama, maana maporomoko ya Seljalandsfoss na Skógafoss yako kandokando ya barabara hiyohiyo namba 1. Mwache binti aangalie utabiri wa upepo asubuhi ya safari. Upepo ukiwa mkali ahirisheni. Mkifungua mlango wa gari muushike kwa mikono miwili, kule upepo hung'oa milango, na bima nyingi za magari ya kukodi hazilipi uharibifu huo. Namba ya dharura ni 112. Maegesho hulipiwa.

Viza ni ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla, na siku za mwisho kabisa ni 15 kabla ya safari; usisubiri huko. Wanataka bima ya safari isiyopungua euro 30,000 kwa kila mmoja wenu. Kwa mtoto beba cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya wazazi wake kwa maandishi. Hesabu pia nauli ya treni, balozi nyingi ziko Dar es Salaam.

Chupa ya mchanga, hapana, na mzee nyumbani anisamehe. Ufuko unaopokea watu wengi kiasi kile ukichotwa chupa kwa chupa unaumia. Hawaii ni kosa la kisheria kabisa. Badala yake mtie mjukuu sumaku ndogo mfukoni. Mkiwa kwenye mchanga mkavu, mbali na maji, aipitishe. Chembe zenye chuma zitanasa. Azifute zibaki palepale, apige picha. Akirudi aipitishe kwenye mifereji ya mchanga hapo Ipagala baada ya mvua, kwenye ile mistari myeusi ambayo maji yameiacha. Chembe nyeusi zitanasa pia, babu yake azione kwa macho yake.

SWALI

Shikamoo mzee. Nafundisha jiografia sekondari hapa Kondoa. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameona picha za fukwe nyeusi, wakaniuliza kama Tanzania ipo. Iceland hatuendi. Kuna mahali naweza kuwapeleka?

*Mwalimu wa Kondoa*

JIBU

Marahaba, mwalimu. Kuna mahali, ingawa si ufuko, na kwa somo lako nadhani ni pazuri zaidi. Wapeleke Mchanga Unaohama, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, karibu na Bonde la Oldupai. Ni kilima cha mchanga mweusi chenye umbo la mwezi mchanga, urefu wa kwenda juu kama mita 9, kimesimama peke yake kwenye mbuga. Asili yake ni majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai. Upepo wa kutoka mashariki unazisukuma chembe kupanda mgongo wa kilima, zinaporomoka upande wa pili, na kilima chote kinasogea kuelekea magharibi kwa wastani wa mita 17 hivi kwa mwaka. Kina chuma kingi. Nawe beba sumaku.

Hapo wafafanulie wanafunzi jambo ambalo wengi huchanganya. Lengai hutoa lava ya ajabu, isiyofanana na ya volkano nyingine yoyote hai duniani, inayotiririka nyeusi na baada ya siku chache huwa nyeupe ikishapata unyevu. Mchanga ule hautokani na lava hiyo. Unatokana na milipuko ya majivu, aina ya ule wa mwaka 2007 na 2008.

Kwa Wamaasai, Lengai ni mlima wa Mungu, na mchanga huo nao wanauheshimu. Wanafunzi wasipande kukimbia juu yake wala kuchota.

Kutoka Kondoa mtapita Kolo, na mkiwa na muda waone michoro ya miambani, iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kisha lami moja kwa moja Babati, Makuyuni, Mto wa Mbu, mlale Karatu. Basi dogo litawafikisha langoni, ila njia ya kwenda mchangani ni ya vumbi, inataka gari linalovuta magurudumu yote manne. Nendeni kati ya mwezi wa sita na wa kumi, maana udongo wa pale ukilowa hunasa magari. Barua ya shule iende mapema kwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, si fedha mkononi.

Beba kamba ya kupimia. Nyuma ya kilima kuna nguzo zilizoandikwa miaka, zinaonyesha kilipokuwa zamani. Wapime kutoka nguzo mojawapo hadi mchanga ulipo, wagawe kwa miaka iliyopita, kila kundi lichague nguzo yake, kisha walinganishe majibu.