Usimnyang'anye binti riwaya, isome

Dada uliyeuliza kama umpokonye mwanao wa kidato cha tatu riwaya ya mapenzi uliyoikuta chini ya godoro: mimi nauza vitabu vya mitumba hapa Moshi, na shule zikifunga, wasichana wa bweni ndio wateja wangu wakubwa. Ukimpokonya, ataazima kwa mwenzake. Hilo halina mjadala.

Wanachokiulizia sana ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971. Kilipigwa marufuku shuleni, baadaye kikaja kusomeshwa kwenye fasihi ya sekondari hizo hizo. Watu wazima wakikiona wanakumbuka wanaume wa Rosa tu. Wasichana wanaanza na Zakaria, baba mlevi aliyempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Mmoja aliniambia, "Mama, huyu Rosa nani aliwahi kumfundisha kuongea na mvulana?" Nikakosa jibu. Huko kwenye kipaimara wameambiwa wajitunze, basi, imeishia hapo.

Ugomvi wangu na kitabu hicho ni mwisho wake: Rosa anajiua. Hadithi zetu nyingi za namna hii ndivyo zinavyomfanya binti aliyependa, kama si mimba ni kaburi, na watoto wameshaishtukia hiyo. Mmarekani Judy Blume aliandika Forever mwaka 1975 kwa sababu binti yake alimwomba hadithi ya vijana wawili wanaolala pamoja bila yeyote kufa. Humo msichana anakwenda mwenyewe kliniki kupata vidonge vya uzazi wa mpango, penzi linakwisha, na yeye anaendelea na maisha. Kwao nako kimeondolewa kwenye maktaba za shule kadhaa, kwa hiyo tusijione washamba peke yetu.

Wewe hicho ulichokikuta chini ya godoro kisome kwanza, usiku mmoja unatosha. Halafu siku mnamenya ndizi za machalari, muulize habari za mhusika, siyo habari zake: "Huyu kijana unamwonaje?" Atamsema wee, na humo humo utasikia anavyowaza yeye. Ukikuta ni ngono tupu isiyo na hadithi, mwambie waziwazi kwa nini hukitaki nyumbani kwako, usikichome kimyakimya. Baba yake mwambie baadaye, ukishajua unachokitetea.

Mkishamaliza nacho kileteni, nabadilisha kitabu kwa kitabu, ila kiwe na jalada.