Muulize Bibi Sindano: Vitanzi 30 vimekuwa 41

SWALI: Shikamoo Bibi. Niko Kasulu, natarajia kujifungua kipupwe kinachokuja, na baridi ya asubuhi za huku unaijua. Nimejitia kujifunza kufuma ili mtoto apate sweta. Shemeji kanitengenezea sindano za spoku za baiskeli, uzi nimenunua ule mnene wa bei rahisi. Nilianza na vitanzi 30, leo nahesabu 41 na sijaongeza hata kimoja! Kitambaa kimepanuka juu, kina matundu, na ni kigumu mpaka kinasimama chenyewe. Nifumue yote?

JIBU: Marahaba mwanangu, Mungu akujalie ujifungue salama. Usifumue bado. Kipeleke dirishani ukitazame pembeni.

Ukigeuza kazi kuanza mstari mpya, uzi unakuwa upande wako. Nina hakika wewe unaupeleka nyuma kwa kuurusha juu ya sindano. Ukipita juu, unakivuta kitanzi cha kwanza, miguu yake miwili inatokeza, nawe unaifuma kama vitanzi viwili. Upitishe chini ya sindano ndipo uanze. Matundu ya katikati ni ndugu wa kosa hilohilo: uzi uliponyoka ukaja mbele, ukaurudisha kwa juu, ukaacha duara la bure ambalo mstari uliofuata umelihesabu kitanzi halali. Basi hesabu kila mwisho wa mstari. Ndiyo, kila mstari, mpaka vidole vizoee.

Ugumu sasa. Shemeji kafanya vyema, wengi wetu tulianza na spoku. Lakini spoku ina unene wa milimita 2 hivi, na uzi mnene unataka sindano ya milimita 5. Achonge mianzi, aisugue kwa msasa mpaka isinase uzi. Spoku zitunze za kushikilia vitanzi ukiacha kazi.

Kipande hicho kiweke, kitakuonyesha ulikotoka. Na sweta liache kwanza. Mikono na shingo vitakutoa machozi. (Huku Ujiji, kwa joto hili, sweta ni la mtoto mchanga na mgonjwa. Wateja wangu wa sweta ni ninyi wa milimani.) Fuma kofia. Kwa sindano mpya fuma kipande cha majaribio, ulaze futi ya fundi cherehani, uhesabu vitanzi vilivyo ndani ya sentimita 10. Tuseme ni 16. Kichwa cha mtoto mchanga kina mzunguko wa sentimita 35 hivi, kwa hiyo 16 mara 35, gawa kwa 10: anza na vitanzi 56. Mkono wako ukitoa hesabu nyingine, fuata wako.

Fuma mshono wa mbele tu (ule ambao uzi unakaa nyuma ya sindano), kwenda na kurudi. Kitambaa chake hakijikunji pembeni. Ukifika sentimita 15, fuma viwiliviwili kuwa kimoja mstari mzima, kata uzi ukiacha mkia mrefu, upitishe kwenye vitanzi vyote, vuta, kisha ushone ubavu.

Uzi nunua wote siku moja, maana rangi ya mzigo mwingine haifanani. Na pasi usiiguse kofia hiyo. Uzi wa bei rahisi mara nyingi ni akriliki, joto likiulaza hauinuki tena.