Kabla hujanunua losheni nyingine, ijue kwanza ngozi yako

Mi nimeitesa ngozi yangu karibu miaka miwili kwa sababu niliamini ni ya mafuta. Ungeniona saa sita mchana nashuka kwenye kifodi, daladala zetu za hapa Arusha, pale Kilombero, uso unang'aa kama umepakwa samli, sa ungesemaje zaidi ya hapo? Dada wa duka la vipodozi nae akasema hivo hivo, akaniuzia sabuni ya kukausha mafuta na skrabu ya punje punje, nikawa nasugua asubuhi na jioni bila huruma. Ilipofika mwezi wa saba na ile baridi yetu ya Arusha, nikinawa uso unawaka moto, pembeni ya pua panabanduka vigamba, na chunusi zenyewe wala hazijaondoka.

Kilichonifumbua macho ni kitu kidogo tu. Jumapili moja sikutoka, nikanawa na maji ya uvuguvugu na sabuni laini, nikajifuta taratibu, sikupaka kitu chochote, nikaendelea na kazi za ndani kama saa nzima hivi. Af nikachukua tishu nikaikandamiza kwenye paji la uso, puani, mashavuni na kidevuni. Ikatoka kavu kabisa, tena ile ya mashavuni imeshika unga unga mweupe! Ule mng'ao wote wa mchana ulikuwa ni mafuta ya mgando niliyojipaka mwenyewe asubuhi kabla ya kutoka. Nilikuwa naangalia mafuta ya kopo nikidhani ni ya ngozi.

Kwahiyo jipime uso ukiwa mtupu. Tishu ikitoka na mafuta kila mahali, ngozi yako ni ya mafuta. Ikitoka nayo kwenye paji, pua na kidevu tu ila mashavu makavu, hiyo ni mchanganyiko, na wengi wetu tuko hapo. Kama haina kitu na uso umetulia ni ngozi ya kawaida, ila kama uso unabana kama vile umepakwa ute wa yai ukakaukia, basi ni kavu. Ngozi nyeti ni habari nyingine, maana yoyote kati ya hizo inaweza kuwa nyeti: ukipaka kitu chenye manukato inawasha au inachoma.

Usijipime mara moja ukamaliza. Mama mdogo anakaa Moshi, na krimu nzito inayonisaidia huku Arusha, nikiipaka kule mwezi wa pili nanata kutwa. Arusha tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Moshi mjini ni mita 800 na kitu, joto la kule sio la huku, sa uso utakuwaje uleule? Mi krimu nzito naiacha nyumbani, nabeba losheni nyepesi.

Kwa wenzangu wa ngozi kavu, acheni maji ya moto usoni hata kama baridi imezidi, na mpake krimu ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, msisubiri ikauke. Hili tu lilinibadilisha ndani ya wiki chache. Na sabuni ya kipande ya kufulia haifai usoni jamani, ni kali mno. Wa ngozi ya mafuta msiogope kupaka losheni, tafuteni nyepesi ya maji maji, ila mafuta ya nazi yaacheni kwa nywele maana usoni yanaziba vitundu vya ngozi na chunusi zinaongezeka.

Sanskrini, yaani losheni ya kukinga jua, ni ya kila mtu, ya SPF 30 kuendelea (hiyo SPF ni kipimo cha kinga ya jua, imeandikwa kwenye kopo). Watu wa huku tunadanganywa na ubaridi na mawingu, wakati miale ya jua inazidi kuwa mikali kadri unavyopanda juu. Ngozi yetu nyeusi inatukinga kiasi, ila alama ya chunusi ikipigwa na jua inakuwa nyeusi zaidi na inakaa miezi. Ukishinda nje, rudia kupaka kila baada ya masaa mawili.

Mkorogo sasa, yale mafuta ya kujichubua. Hapa nasema kwa uchungu kwa sababu binti wa nyumbani kwetu aliutumia. Mwanzo akatakata kila mtu akamsifia, baadae mashavu yakawa mekundu mishipa inaonekana, vinyweleo vikaota kidevuni, na kila akijaribu kuacha uso unalipuka vipele. Vikopo vingi vya hivo vinachanganywa steroidi kali, ambazo ni dawa za hospitali, vingine vina zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kuchubua ambazo kwenye vipodozi zimepigwa marufuku Tanzania. Akiacha ghafla anapata shida, kwahiyo mtu wa namna hii aachishwe na daktari, asishauriwe na sisi majirani.

Na bahati yetu watu wa kaskazini madaktari wa ngozi hawako mbali. Pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi tangu miaka ya 1990, na ndo hapo hapo ilipoanzishwa kazi ya kutengeneza sanskrini kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Kama uso unawasha wiki ya pili sasa, au chunusi zinaacha mashimo, usiendelee kubahatisha madukani. Nenda, na ubebe kila unachopaka, hata kile kikopo kisicho na lebo ulichopewa na shosti, ukiweke mezani daktari akione.