Fehling kubaki bluu haitoshi kusema ni ketoni

Mkuu umesema sampuli yako imetoa mashapo ya rangi ya chungwa kwa DNPH (kitendanishi cha kutambua aldehaidi na ketoni), ukaipasha na Fehling (myeyusho wa shaba wa bluu ambao aldehaidi nyingi huugeuza mashapo mekundu) ikabaki bluu vile vile, ukahitimisha ni ketoni. Subiri kwanza, hapo hujathibitisha kitu. DNPH inakwambia ni aldehaidi au ketoni (zote zina kundi la kaboni na oksijeni, C=O), basi, haichagui. Na Fehling ikigoma kuna mawili, ni ketoni kweli au ni aldehaidi ambayo kundi lake limekaa moja kwa moja kwenye pete ya benzini, kama benzaldehaidi, hizo Fehling na Benedict (testi nyingine ya shaba kama Fehling) zote zinashindwa nazo.

Hapo mimi huwa naenda Tollens, myeyusho wa fedha ambao aldehaidi, hata benzaldehaidi, huutoa kioo cha fedha kwenye tyubu na ketoni ya kawaida haitoi, na kwa kesi kama yako siandiki jibu bila hiyo. Unaitengeneza muda huohuo: silva naitreti kidogo, tone la sodiamu haidroksaidi, yanatoka mashapo ya kahawia, halafu amonia nyepesi tone kwa tone huku unatikisa mpaka mashapo yayeyuke, yakishayeyuka acha hapo hapo maana amonia ikizidi testi inapooza. Weka matone machache ya sampuli, tikisa, kisha testi tyubu ikae kwenye maji ya moto kama nyuzi 60 na usiiguse tena, usipeleke kwenye moto wa moja kwa moja. Kama sampuli haichanganyiki na maji iyeyushe kwanza kwenye ethanoli kidogo.

Kioo cha fedha kinataka tyubu safi kabisa. Ukiona unga mweusi au wa kijivu badala ya kioo usikate tamaa, hiyo nayo ni fedha, ila rudia na tyubu iliyooshwa vizuri ili uwe na uhakika.

Na hili nasisitiza sana jamani, Tollens haihifadhiwi!! Ikikaa inaweza kutengeneza vitu vinavyolipuka, ukimaliza tu iharibu kwa asidi nyepesi ya naitriki halafu weka kwenye chombo cha taka za fedha.

Schiff (kitendanishi kisicho na rangi) ni nzuri pia, ikikutana na aldehaidi inatoa rangi ya waridi kuelekea zambarau, ila ifanye ya baridi, ukipasha salfa dayoksaidi inatoroka na rangi inarudi yenyewe hata kama hakuna aldehaidi. Daikromati, ile ya rangi ya chungwa, mimi siipendi kwa swali hili, alkoholi nyingi nazo zinaigeuza kijani kama aldehaidi.

Angalizo, fruktozi ni ketoni lakini inatoa jibu kama la aldehaidi kwenye Tollens na Fehling, sababu kwenye alkali inajigeuza kuwa glukozi. Kwako haihusu kwa kuwa Fehling imegoma.

Na yale mashapo ya DNPH usiyamwage, yachuje, yasafishe kwa kuyayeyusha kwenye ethanoli ya moto na kuyaacha yatoe fuwele upya, yakauke vizuri, pima yanayeyuka nyuzi ngapi. Ya benzaldehaidi ni karibu 237, ukipata hapo na Tollens imekupa kioo, andika benzaldehaidi.